Rimu za baiskeli ya marehemu kaka, na mafuta ya nazi ya shemeji

Wakuu, heshima kwenu nyote. Leo nataka kuwaeleza namna ya kusafisha rimu za alloy haraka bila kujitesa, ila mnivumilie, maana baiskeli yenyewe ni ya msiba. Siongezi chumvi.

Kaka yangu alikuwa mkulima wa korosho kule Naipingo, Nachingwea. Baada ya arobaini yake, wazee walikubaliana baiskeli aichukue mpwa wetu, mtoto wa dada, mtu mzima na familia yake Ruangwa. Sisi Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, mpwa hasahauliki.

Shemeji, yaani mjane wa kaka, akasema sawa, lakini isitoke na uchafu.

"Watu wasije wakasema vitu vya mume wangu sikuvitunza."

Kazi nikapewa mimi. Jamani, rimu zilikuwa nyeusi tii! Salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, vumbi jekundu na weusi wa raba za breki, vyote vimegandana. Jirani akaniletea majivu na mchanga, kama tunavyosugulia masufuria. Nikamshukuru, nikaviweka pembeni. Alloy inakwaruzika, na majivu yanaifubaza.

Fanyeni hivi. Geuza baiskeli miguu juu. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, paka kwa sponji, iache kidogo uchafu ulainike. Mimi hapo nilikwenda kunywa chai. Ukirudi, pitisha mswaki wa zamani kwenye spoku. Penye weusi sugu, sugua kwa kipande cha limao, suuza hapo hapo, futa kwa kitambaa kikavu.

Basi. Chai ya kwenye birika ilikuwa bado ya moto, rimu zinang'aa.

Nikaingia ndani kuwaita wazee. Kutoka, namkuta shemeji amechuchumaa na kichupa cha mafuta ya nazi, anazipaka rimu taratibu kwa pindo la kanga, kama mama anavyompaka mtoto anayesafiri.

"Shemeji, haiwezi kuondoka kwangu imepauka," akasema bila kuinua uso.

Breki za baiskeli ile zinabana kwenye rimu. Ukipaka mafuta pale, breki huna. Na mpwa alikuwa anafunga mzigo wake tayari kuondoka, na njia ya Ruangwa ina miteremko yake.

Lakini mfiwa unamwambiaje, mbele za watu, kwamba mapenzi yake yanaweza kuua mtu? Nilitamani kaka angekuwepo aseme yeye.

Nikazungusha gurudumu la mbele. "Shemeji, hebu bana breki."

Akabana. Gurudumu likaendelea kuzunguka.

Akalitazama mpaka likasimama lenyewe. "Yarabi! Na huyu ningemuua?"

Akalia, wakuu. Siku ya maziko hakulia vile. Mpwa akaacha mzigo, akaja kukaa chini karibu yake. "Mama, mimi sina haraka."

Shemeji akaziosha rimu upya mwenyewe, kwa sabuni, mpaka mafuta yakaisha. Raba za breki nikazipitishia msasa. Akajaribu tena, zikashika. Mafuta yaliyobaki akapaka kengele tu.

Mpwa alipofika kwenye kona akaipiga ile kengele, vile vile kaka alivyokuwa akipiga anaporudi shamba. Shemeji akanyanyuka haraka, akashika ndoo ya kumtengea kaka maji ya kuoga.

Akasimama nayo. Kisha akaiweka chini.

Nilichojifunza: sabuni, limao na kitambaa kikavu vinatosha. Mafuta ni ya cheni, rimu usiziguse nayo hata kama unaipenda baiskeli kiasi gani. Na anayeaga kitu cha marehemu wake, msimharakishe.

Mwenye njia nyingine ya kusafisha aiweke hapa tujifunze. Na nyie mliokwisha kugawa vitu vya wapendwa wenu, ni kipi mikono ilikataa kukiachia?