Siku Tulipoliacha Gari la Ziwani

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, stendi ya Mbinga. Mama alikuwa ameketi juu ya godoro letu lililofungwa kamba, mkono wake wa kulia umevimba, akisubiri gari la kushuka Mbamba Bay, kwa bibi.

Baba alikuwa amempiga Alhamisi kwa mpini wa jembe. Jumapili, baada ya misa, ukoo wa baba ulikaa sengu, kile kikao chetu Wamatengo cha kula pamoja na kuamua mambo. Walikula ugali aliousonga mama kwa mkono mmoja, kisha babu mdogo akasema, "Mke wetu, nenda ukapumzike kwenu. Nyumba ni ya ukoo, itabaki hapa."

Mama akajibu, "Asante, baba."

Kwetu sengu ikishasema, hakuna anayeuliza tena. Hata mimi niliamini hivyo.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani najua jibu na bado sinyooshi kidole. Lakini kabla ya likizo polisi mmoja wa kike alikuja shuleni kutueleza kuhusu dawati la jinsia, pale kituoni wanapopokea kesi za waliopigwa nyumbani, na pale stendi maneno yake yakanijia.

"Mama, tupite polisi kwanza."

"Kufanya nini? Wazee wameshasema."

"Tukaulize tu."

"Na gari je?"

Nikaanza kulia. Sikupanga. Mama akasonya, akamwomba mama muuza chai atutunzie godoro.

Kituoni, afande wa dawati, naye mwanamke, alimsikiliza mama bila kumkatisha, kisha akauliza, "Nyumba mlijenga lini?"

"Baada ya ndoa. Maji ya tofali nimebeba mimi, na mimba ya huyu tumboni."

"Na aliyekwambia utoke ni nani? Mahakama?"

"Babu mdogo."

"Kwani uliolewa na babu mdogo?"

Mama alicheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu. Tangu Alhamisi sikuwa nimemsikia akicheka.

Afande akatueleza polepole: sengu inaweza kupatanisha watu, lakini haiwezi kumtoa mke kwenye nyumba ya ndoa. Baba hawezi kuiuza bila mama kuridhia. Na kupiga ni kosa la jinai, si ugomvi wa jikoni. Akatupa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa hospitali, kisha akampigia simu dada wa ustawi wa jamii.

Saa kumi jioni waliturudisha nyumbani kwa gari la polisi, godoro likiwa nyuma. Baba alichukuliwa bila kelele. Sitaficha, nilimwonea huruma alipoomba avae viatu kwanza. Dada wa ustawi alimwambia mbele yetu kwamba hata akipata dhamana, atalala kwa ndugu zake mpaka kesi isikilizwe.

Nawashukuru wanawake wale wawili, na yule muuza chai. Zaidi namshukuru mama, aliyekubali kumsikiliza mtoto wakati wazee walikuwa wameshafunga neno.

Asubuhi yake nilikoroga uji, nikamshikia mama kikombe akanywa. Kisha nikaenda peke yangu kwa babu mdogo. Nilimkuta anaanika kahawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hamkushuka?"

"Hatukushuka. Tuko nyumbani."

Akaendelea kugeuza kahawa. Nikamsaidia kuchambua punje mbovu kidogo, nikaaga, nikarudi kwetu.