Mtoto wa Pili wa Rimma

Jua la Julai limeshapanda, na Rimma Arkadyevna ana unga hadi viwikoni. Anasokota donge, analikunja liwe kalachi, mkate wenye mpini kama kufuli, kisha anaupanga kwenye trei. Leo mikate inamkatalia: mmoja mnene, mwingine umepinda.

"Huo usiuandike," ananiambia mimi, mwandishi wa gazeti. "Watasema nimezeeka."

Amezeeka wapi! Ana miaka hamsini na minane, na tangu usichana wake anaoka katika mji huu wa Urusi, kando ya mto Oka. Kinachomvurugia mikate ni keshokutwa, Sikukuu ya Familia. Yeye na mumewe Vadim, seremala, watapanda jukwaani kuvishwa nishani ya upendo na uaminifu, mbele ya padri na mkuu wa mji.

Wiki iliyopita ofisa wa sherehe, mama mpole mwenye ua jeupe kifuani, alama ya sikukuu hiyo, alipita kununua mkate. Akamwelekeza: akiulizwa kuhusu watoto, amtaje binti yake mwalimu, mwenye watoto watatu. Basi.

"Nikamwuliza, na Yegor wangu je? Akasema, 'Rimma Arkadyevna, mpenzi, tusiiharibu siku.'"

Yegor, mwanawe, aliikimbia nchi vuli ile vijana walipoanza kuitwa vitani. Yuko Almaty, nje ya nchi, anatengeneza simu. Hajarudi tangu hapo.

Vadim anaingia kuchukua mkate wa chai. Huyu ni mtu wa kanisa, na akisema Urusi itaokolewa na familia, anaamini kwa moyo wote. Mimi simcheki.

"Familia ni baba, mama na watoto," anasema. "Nani anapinga?"

"Watoto wangapi, Vadim?"

"Usianze, mama. Mbele ya mgeni!"

"Nijibu tu."

Anaukata mkate, lakini hauli. "Wakubwa wakikasirika, binti yetu atafukuzwa kazi shuleni. Umelifikiria hilo?"

Amelifikiria, ndiyo maana hapati usingizi. Hata mimi niliyekuja kuandika habari za mikate, nimelifunga daftari langu.

Rimma anafunga tanuri, anapangusa mikono kwenye aproni.

"Nitasema ninao wawili," anasema. "Wakiniuliza wa pili yuko wapi, nitawaambia yuko hai."

Vadim anaweka kisu chini. Ua lake jeupe la sikukuu liko mezani, limepakwa unga.

"Basi mtaje yeye kwanza," anamwambia mkewe, "kabla hawajazima kipaza sauti."