Uji wa Mwamuzi

Mimi, Ajwang, nimepika miaka kumi na mmoja katika nyumba ya Mzee Jamleck huku mtaa wa Jamhuri, na hakuna mtu aliyewahi kurudisha uji wangu. Mzee alipoanza kuukataa, nilichukia. Nilibadilisha unga, nikaongeza maziwa, nikapunguza sukari. Kila asubuhi alisukuma bakuli kando, akakaa wima mezani na kofia kichwani na tai shingoni, akitazama dirishani kama mtu anayengoja gari la serikali.

Mzee alikuwa ofisa wa mifugo. Kwa miaka thelathini aliamua mashindano ya ng'ombe wa maziwa katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park, hapa karibu tu. Sasa ana miaka themanini na minne na kumbukumbu zimemchanganyikia. Binti yake, Waceke, anafanya kazi benki mjini, na mzee alishaacha kumjua. Akimwona anasema tu, "Yule mama wa benki amekuja."

Waceke alikuwa ameshachoka. "Dad akishuka chini ya kilo hamsini, nampeleka kwa nyumba ya wazee," aliniambia. "Siwezi kukaa hapa nikimwangalia akikauka." Siku hiyo mashine ya kupima ilisema hamsini na nusu.

Wahudumu watatu wa kumtunza walikuja wakashindwa. Wa nne alikuwa Ivyne kutoka Riruta, mwembamba, raba nyeupe miguuni, faili la kampuni yake kwapani. Nilimdharau, sifichi. Faili lilikuwa na vijisanduku vya kutia alama: kuoga saa mbili, uji saa mbili na nusu, dawa saa tatu. Siku ya kwanza naye alibembeleza kama wenzake. "Kidogo tu, guka," akamwambia, akimwita babu kwa Kikikuyu. Mzee alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akasema kwa huzuni, "Hata wewe?"

Siku ya pili Ivyne alilitupa faili juu ya friji, akavuta kiti, akakaa kando ya mzee. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, naosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

"Guka, wewe ungependa asubuhi iende aje?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza hivyo. Mzee alitazama mlango wa jikoni, akamsogelea.

"Hawa watu wananiletea chakula kabla sijaamua," akanong'ona. "Mwamuzi hali kwa mtu mwenye ng'ombe uwanjani. Hiyo ni hongo."

Hongo, uji wangu! Kumbe kila nilipoongeza maziwa, mzee alizidi kuamini nina ng'ombe mbovu ninayemficha. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kwa mpangilio huo.

"Sasa tuamue kwanza," Ivyne akasema. "Dada Ajwang, hebu tembea ukizunguka meza."

"Mimi ni ng'ombe?"

"Wewe ni mshindani, dada. Na mimi niko nyuma yako."

Alimwita pia Ngui, mlinzi wa geti, aliyeingia na buti na rungu bila kuuliza swali, maana yeye hapendi kukosa kitu. Tukazunguka. Na mzee, ambaye kila siku tulimwinua watu wawili, alisimama mwenyewe, akashika fimbo yake, akatukagua mmoja mmoja. Ivyne aliambiwa miguu yake ya nyuma ni dhaifu, akacheka hadi akashika ukuta. Mimi niliambiwa, "Mwendo thabiti. Kifua kipana. Hasira inamharibia alama." Ngui akapewa nafasi ya kwanza, na utepe uliobaki kwenye keki ya Krismasi.

Kisha mzee akanawa mikono, akala bakuli zima, akaongezwa. Kwenye faili, mahali pa kuandika sababu ya kukataa chakula, Ivyne aliandika: "Alikuwa kazini."

Ikawa hivyo kila siku. Hata kuoga kukawa rahisi, kwa kuwa mwamuzi haingii uwanjani mchafu. Siku nane mfululizo Ngui alichukua utepe, akaanza kufungua geti kwa maringo.

Jumamosi Waceke akaingia bila kupiga simu. Alitukuta tunazunguka meza, mimi wa mwisho na mwiko mkononi.

"Ni nini hii mnafanyia baba yangu?" Simu ilikuwa tayari mkononi aripoti kwa kampuni. Nilijua Ivyne amefukuzwa na mzee ameondoka, na roho iliniuma.

"Dakika mbili tu, madam," Ivyne akasema. "Tafadhali ingia nyuma ya dada Ajwang."

"Mstari," mzee akaagiza, kwa sauti ambayo nadhani Waceke aliijua tangu utotoni, maana aliingia mstarini na mkoba wake na viatu vyake virefu.

Mzee alimpita Ivyne, akampita Ngui, akanipita mimi. Kwa Waceke akasimama. Alimtazama muda mrefu, kisha akavua kofia.

"Huyu mtoeni."

Waceke akainamisha uso.

"Huyu ni wangu," mzee akasema. "Mwamuzi haamui wa kwake. Waceke, nani alikuruhusu kuja uwanjani na viatu kama hivyo?"

Waceke alilia wazi, simu ikiwa imesahaulika kwenye kiti. Mimi pia nililia, na sijali nani aliniona. Ngui alipangusa pua kwa mkono wa shati, akapunguzwa alama, utepe ukaja kwangu. Bado anasema nilipendelewa.

Baadaye mashine ilisoma hamsini na mbili kasoro. Lakini kabla ya hapo Waceke alikwenda jikoni mwenyewe, akachukua bakuli, akasimama nalo mlangoni.

"Umemaliza kuamua, Dad?"

"Nimemaliza," mzee akasema. "Sasa lete."