Kochi Lililokataa Kubonyea

Saa tatu asubuhi, fundi makochi anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Springi anajisifu mbele ya mwandishi wa makala haya huku misumari imebanwa mdomoni. "Kochi likitoka mkononi mwangu halibonyei. Kalia wewe, wakalie wajukuu, litawazika nyote."

Hajatema msumari wa mwisho, mkokoteni unasimama mlangoni. Umebeba kochi alilolishona mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Limebonyea katikati kama bakuli.

"Fundi, si hili uliloniapia?" anauliza mwenye kochi, mama wa watoto wanne.

Mwingine angetafuta pa kuficha uso. Springi analipapasa lile bonde taratibu. "Shemeji, hapa wamekaa watu wanaopendana. Wanaonuniana hubonyeza pembeni, huyu kule, yule kule."

Anachana kitambaa na kuzamisha mkono hadi kiwiko. Vinatoka kifungo, kipande cha penseli, karata moja na jino la mtoto.

"Ala, kumbe lilikuwa humo," mama anasema, akilifunga kwenye ncha ya kanga. "Na alivyolia siku ile."

Huu ni mwaka wa ishirini na sita Springi akisoma maisha ya watu kwenye sponji. Ila kochi moja lilimchukua miaka kumi na mitano kulisoma, nalo lilikuwa sebuleni kwake.

Zamani, anasimulia, nyumbani walikuwa na benchi la mbao tu. Walikaa watano, yeye, mkewe na watoto watatu, wamebanana kama viberiti. "Wa pembeni huku akiinuka ghafla, wa pembeni kule yuko chini. Tulikuwa tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mama watoto alikuwa na kicheko kile, hata sijui kilikwenda wapi."

Kisha akashona kochi la fahari, jekundu, la manyoya laini. Akalivalisha nailoni lisichafuke. Benchi likawa kuni. Watoto wakahamia mkekani, wakilitazama kochi kama mgeni wa serikali. Baba naye akawa anarudi saa tatu usiku, maana kochi lilidai kabati, na kabati likadai zulia.

Mwaka jana, wakubwa wawili wakiwa wameshaondoka kwenda kutafuta maisha, aliamua kulibadilisha kitambaa. Akazamisha mkono kama kawaida.

"Nilikuta vumbi," anasema. "Hata kijiti cha pipi hakikuwemo. Makochi ya watu nayatoa meno, langu halina hata punje ya mchele. Nilikaa chini palepale."

Siku hiyo nailoni ilikwenda jalalani. Zamani alimaliza makochi manne kwa wiki. Sasa ni mawili, na mfuko umekonda ipasavyo. Wiki iliyopita hoteli moja ilimletea viti sitini, kwa sharti la kufanya kazi hadi usiku. Alikataa. Kitinda mimba wake anakwenda chuo cha ualimu baada ya miezi mitatu, na baada ya hapo sebule itabaki na wazee wawili.

"Nataka aliache limebonyea," anasema. "Katikati, si pembeni. Ndiyo maana saa kumi kamili nafunga. Sikumbushwi na mtu, miguu yenyewe inajua njia."

Saa kumi na dakika ishirini bado anagonga misumari. Kivuli kinaangukia meza yake. Ni kitinda mimba mwenyewe, kufuli mkononi.

"Shikamoo, mwandishi. Amekwambia anafunga saa kumi?"

"Marahaba. Amesema miguu inajua njia."

"Miguu hii?" Binti anacheka, anachukua nyundo mkononi mwa baba yake na kuitia kwenye sanduku. "Muulize kwa nini ufunguo wa kufuli hili analala nao mama. Na viti vya hoteli, muulize nani alimkatalia yule bwana kwenye simu."

Springi anakung'uta vumbi la sponji magotini.

"Twende, baba. Mama ameshakaa katikati, anakushikia nafasi."