Makali Yaliyotiwa Tupa

Tuire Kemppainen alikwangua theluji juu ya mapaa ya watu wa mji wa theluji wa Suomussalmi, na hakuwa mtu wa kupokea kitu bila kukikagua. Bomba lake la chuma la kurukia na kuteleza juu yake, lililokuwa kishikio cha ngazi za shule iliyobomolewa, alilipata kwa kusafisha paa la mkandarasi siku tatu. Hata hivyo alilipapasa lote kwanza, na kipande chenye kutu akakikataa. Akalisimamisha uani, chini ya mteremko nyuma ya sauna, kibanda chake cha kuogea mvuke. Majira tisa ya baridi yeye na jirani yake Ilpo waliteleza hapo kwa ski zao, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, wakaanguka, wakachekana.

Ski ina makali ya chuma pande zote mbili. Kwenye barafu ndiyo yanayokushikilia. Juu ya bomba yanang'ata na kukubwaga. Kwa hiyo Tuire aliyatia tupa yawe butu katikati, chini ya kiatu tu, akaacha ncha na mkia vikiwa vikali. Kisha alipitisha ukucha: ukikwanguka, bado, ukiteleza, tosha.

Februari hiyo Vuokko, msimamizi wa kilima cha ski kilicho karibu, alitafuta mtu mmoja wa kutunza mabomba ya pale. Tuire aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote, kwani magoti yake yalishachoka na ngazi. Vuokko angekuja Jumamosi kumtazama akiteleza.

"Na wewe je?" Tuire alimuuliza Ilpo.

"Mimi na mabosi? Wapi!"

Alhamisi Tuire akateguka kifundo cha mkono kwa koleo la theluji, kabla hajazitia tupa ski mpya alizonunulia Jumamosi hiyo. Ilpo akaja mbio.

"Lete hizo ski mpya nikupigie tupa. Mkono huo hata kikombe hauwezi."

"Chini ya kiatu tu, Ilpo."

"Unanifundisha mimi? Miaka tisa, mama wee!"

Ijumaa alizirudisha zikimetameta. Ukucha wa Tuire ulishuka kuelekea kwenye chuma, akaurudisha. Amkague Ilpo? Aliona haya. Akammiminia kahawa.

Jumamosi mteremko ulikuwa barafu tupu. Tuire akajisukuma, akageuza ski alenge bomba, zikamponyoka kama sabuni kwenye beseni. Akaishia kwenye rundo la kuni. Mara ya pili, kuni zilezile.

"Leo kuni zimekupenda," Ilpo alisema. Kisha naye akashuka. Ski zake zikashika barafu, akaruka, akateleza bomba lote bila kutetereka. Vuokko akampa mkono, na kazi.

Tuire akavua glavu, akapitisha ukucha kwenye ski zake, toka ncha hadi mkia. Haukukwanguka popote. Tupa ilikuwa imetafuna chuma kiasi ambacho hakuna kinoo cha kukirudisha. Akapima za Ilpo: kali ncha, butu katikati.

"Zako umeziachia ncha kali."

Ilpo akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Vuokko aliniuliza kama naitaka kazi hii tangu Krismasi. Usinichukie, Tuire. Wewe una mapaa yako."

Tuire akazitupa ski zake kwenye kuni.

Jumatatu Ilpo akaja na trela.

"Vuokko anataka na bomba. Nilimwahidi."

"Uliahidi bomba langu?"

"Si letu sote, jamani? Taja unachotaka."

"Ski zako ziko wapi?"

"Garini."

"Zilete."

Ilpo alizileta upesi, kama mtu aliyeona bei imeshuka. Tuire akapitisha ukucha ncha, katikati, mkia, makali yote manne. Akaziingiza kwenye chumba cha sauna, akafunga, ufunguo akautia mfukoni.

"Haya," Ilpo alisema akisugua mikono, "nishike upande upi?"

"Wa trela yako. Hizo ni fidia ya zile ulizoharibu. Bomba sikusema nalibadilisha."

"We! Na mimi nitatelezea nini kazini kesho?"

"Zangu zipo pale kwenye kuni. Umezipiga tupa mwenyewe, unazijua."

Ilpo alizitazama, hakuzigusa. Trela ikaondoka tupu. Tuire akabeba ngazi begani. Paa la duka la dawa lilikuwa likimngoja.