Neva ya Nane Isihame Kabla ya Mtihani

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, avenyu ya nane ya mtaa wa Buyenzi imeziba. Mkokoteni umepakiwa redio kuukuu, spika na nyaya mpaka juu, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye ushungi wa kijani, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Ametanua mikono kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Tonton Tajudini, we unanipenda ao apana?" anauliza. "Usihame leo. Ngoja mutihani ipite kwanza."

Tajudini, fundi redio anayeitwa Tonton, yaani mjomba, na ambaye sauti za vyombo vyake zimewaamsha watu wa avenyu hii kwa miaka mingi, anacheka mpaka anakaa juu ya spika. Wasukuma mkokoteni hawacheki. Jua linapanda.

Mwanamke huyo, Mwantum, ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Asubuhi za juma yuko darasani katika shule ya uuguzi, mchana anashona sare na magauni ya harusi, na ada yote inatoka kwenye cherehani hiyo. Mtihani anaousema ni wa mdomo, kuhusu neva kumi na mbili zinazotoka kwenye ubongo. Alishaanguka mara moja. Akianguka tena katika sesyoni hii ya pili, ya kurudia, shule inamfunga mlango, na hakuna wa kumgongea.

Mara ya kwanza hakuanguka kwa uvivu. Alizisoma neva kama alivyosoma madrasa utotoni: unatikisika mbele na nyuma, unaimba kwa mahadhi, kila neno linavuta mwenzake. Nyumbani alizighani zote kumi na mbili bila kujikwaa, na mama yake, Bi Hayat, akiitikia "Mashallah" kutoka jikoni.

Mazoea yana taabu. Siku ya mtihani, mwalimu wake, Madamu Jovithe, alimgusa bega akamuuliza ni neva ipi imeharibika mgonjwa akishindwa kuliinua. Mwantum hakuweza kuingia katikati ya wimbo. Ikabidi aanzie mwanzo, kimoyomoyo, midomo ikichezacheza.

"Nilikuwa nimefika ya saba," anasimulia. "Madamu akaniambia, 'Dua imetosha, sasa jibu.' Muda ikaisha. Nililia mpaka nyumbani, sikuone hata njia."

Alilia siku hiyo, kesho yake akarudi kwenye cherehani. Na ni pale, akimwelekeza mteja nyumba ya harusi, alipojikuta anasema: ukifika kwa muuza udi, hiyo ni avenyu ya kwanza. Akasimamisha mguu kwenye pedali. Mtu aliyezaliwa Buyenzi haanzi kuhesabu avenyu tangu mwanzo ndipo aikumbuke ya kumi na moja. Anaiona tu.

Basi akazigawia neva makazi, kila moja kwenye avenyu ya namba yake. Ya kwanza, ya kunusa, ikapanga kwa muuza udi. Ya pili, ya kuona, kwa fundi miwani. Ya tano, inayotafunisha, ikakaa kwa mchoma mishikaki, na ya saba, ya uso, kwenye saluni wanakopambwa mabibi harusi. Ya kumi, inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni bila kutulia, akampa Aboubacar, muuza kahawa asiyejua kukaa. Ya kumi na moja wakapewa makuli wanaobeba magunia mabegani. Ya kumi na mbili ni ya ulimi, na Mama Miza wa avenyu hiyo hakuuliza kwa nini amechaguliwa yeye.

Ya nane ni ya kusikia na ya kuweka mwili sawa. Hiyo ni ya Tajudini, anayetaka kuhama zikiwa zimebaki siku chache, tena ahamie avenyu ya tatu. Mwenye nyumba ameshampata mpangaji mpya, muuza magodoro.

"Godoro inasikia nini, Tonton?" Mwantum analalamika, na safari hii machozi yanamlenga kweli. "Nikifika pale kwa kichwa yangu, nitakuta watu wamelala!"

Kicheko cha Tajudini kinakatika. Anawatazama wasukuma mkokoteni, anamtazama Mwantum, kisha anashuka kwenye spika. "Bo, haya, mutoto wangu. Vitu viende. Mi mwenyewe nitabaki hapa nje."

Na alibaki. Mpaka siku ya mtihani alikaa kibarazani mbele ya magodoro ya mwenzake, na meza moja na redio moja iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Muuza magodoro aliziba masikio kwa pamba akauza hivyohivyo.

Siku ilipofika, swali la kwanza la Madamu Jovithe lilikuwa la mgonjwa mwenye kizunguzungu asiyesikia kwa sikio moja.

"Wallahi, kitu ya kwanza niliona ni magodoro," Mwantum anasema, mkono kifuani. "Halafu nikasikia ile redio inapiga kelele, na Tonton anapiga kelele kuipita. Nikasema: ya nane, Madamu!"

Madamu akarukia ya tano, akarudi ya pili, akashuka ya kumi. Mwantum akamfuata kila alikoelekea. Mwisho akaguswa bega lilelile, na jibu likatoka kabla mkono haujaondoka. Alipata kumi na nane juu ya ishirini. Jioni hiyo vigelegele vilipokezana avenyu kwa avenyu, na kila aliyepewa neva alidai kwamba ni yake iliyomwokoa mtoto.

Sasa wanafunzi wenzake wanamwomba awatembeze. Sephora, anayekaa mtaa mwingine wa Gihosha, alijaribu kuziazima avenyu hizo akapotea kwenye ya nne. "Nilimwambia, apana, we tumia mutaa yenu," anasema Mwantum. "Hapa unajua nani?"

Mwaka ujao wanaanza somo la moyo, na ameshaamua kuuweka nyumbani kwao, kwa kuwa nyumba ina vyumba vinne kama moyo wenyewe, na milango anaijua hata gizani. Damu itaingilia uani na kutokea barabarani.

Bi Hayat, aliyekuwa akitusikiliza huku anachambua mchele, anainua kichwa. "Ipite tu, nimekubali," anasema. "Lakini iache viatu mulangoni."