Rangi ya Mdomo wa Ndege

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya makusanyo ya wanyama, hapa Élisabethville, Bwana Mkurugenzi alinipa kisu kidogo, pamba, na sabuni yenye sumu ya kuzuia wadudu. Kazi yangu ilikuwa kuchuna ndege walioletwa na wawindaji, kuwajaza pamba na kuwafungia kadi mguuni.

"Anza na mudomo," aliniambia. "Bec. Ukiisoma muzuri, utajua ndege alikuwa anakula nini."

Nilishangaa. Kwetu mdomo ni wa mtu, ni wa birika, na mwenye maneno mengi tunasema ana mdomo. Sikujua kwamba unasomwa. Akanionyesha: uliopinda wa kurarua nyama, mnene wa kuvunja mbegu, mwembamba kama sindano wa kunyonya maua. Nikajiuliza ni fundi gani aliyefua vyombo hivi.

Sheria moja ilikuwa kali: rangi ya mdomo iandikwe siku ileile, maana ndege akikauka hufifia. Mkurugenzi alitaja rangi. Karani Mkuu, Mzungu mwenzake, aliandika.

Mara wawindaji wakaleta korongo wa kinamasi cha Mweru. Mdomo wake, mrefu kama toka kiwiko changu hadi kiganjani, ulikuwa mwekundu, wenye mshipi mweusi katikati na tandiko la njano juu.

"Brun," alisema Mkurugenzi. Yaani kahawia.

"Bwana, hii iko nyekundu."

"Ferme ton bec!" Karani alifoka. Funga mdomo wako! Zamani zile, ninyi vijana, kumkosoa Mzungu kulitosha kukufukuzisha kazi, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Mkurugenzi akamtoa Karani nje, akafungua sanduku la kalamu za rangi. "Nyekundu iko wapi?"

Nilimwonyesha. Akailaza kando ya ile ya kahawia, akazitazama sana.

"Kwangu ziko sawasawa," alisema polepole. "Tangu utoto. Kadi ngapi nimeharibu?"

Kesho yake alimwambia Karani, "Kuanzia leo, rangi atasema yeye." Karani akaandika, uso umemwiva. Nilizitaja rangi hizo hadi nilipostaafu, ingawa jina langu halimo katika kadi hata moja.

Sasa nalima karibu na Kinsevere. Asubuhi moja mdiria alijitupa mtoni, akaibuka na samaki akipapatika katika mdomo mwekundu unaochuruzika maji. Miaka yote ile nilishika midomo iliyokufa. Sikuwahi kusimama nikautazama mmoja ukifanya kazi.

"Mama Astrida, kuya uone!"

"Nione nini? Iko ndege tu," mke wangu alisema.

"Ngoja."

Mdiria akazama tena. Mke wangu akatua ndoo yake, akasimama kando yangu, tukamtazama mpaka jua likatuchoma.